Mama Fulani wa Slaidi ya Kwanza

Muuza sumu ya panya wa Nyasho hapazi sauti mwenyewe siku hizi. Amefunga kipaza sauti kwenye usukani wa baiskeli, ndani yake amechomeka memori kadi, na sauti aliyoirekodi siku alipokuwa na pumzi nzuri inazunguka mitaani tangu asubuhi: panya, mende, kunguni, viroboto, halafu panya tena. Bei mwishoni. Kisha inaanza upya. Siku hiyo nilikuwa nimesimama katikati ya sebule ya mama mdogo, simu mkononi ikihesabu dakika tatu, nafanya mazoezi ya hotuba ambayo wiki iliyofuata ningeitoa Mwanza mbele ya majaji wa shindano la vijana wabunifu. Jamaa akapita dirishani, sauti yake ikameza yangu. Mama mdogo alikuwa kizingitini anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mchanga na vijiwe. Akaiacha baiskeli ipite, akasema, "Huyo anaeleweka, baba. Wewe bado."

Nilicheka, nikaanzisha saa upya. Nilidhani hanielewi kwa sababu mambo yangu ni ya kompyuta. Miaka miwili imepita na bado sijaweza kulijibu lile neno lake, kwa hiyo nalijibu hapa, mbele ya watu waliozoea kusoma uhakiki wa riwaya na mashairi. Nataka tuihakiki hotuba ya kunadi wazo kama tunavyohakiki maandishi mengine. Ina mwanzo wake, wahusika wake, vina vyake na uongo wake. Vijana wengi wa rika letu wameiandika kuliko walioandika hadithi fupi, na wengine wameweka rehani miaka yao mitatu minne juu yake. Ajabu ni kwamba hakuna anayeihakiki. Wanaoifundisha wanaifundisha kama mtu anavyofundisha kufunga tai.

Tuanze na jina. Wenzangu wa Dar es Salaam wanasema "kupichi", na hawaoni haya. Mimi napenda "kunadi", kwa sababu neno hilo lina historia na linatutega. Kunadi ni kazi ya mnadani. Shuka Mwigobero asubuhi mitumbwi inapoingia: sangara amelazwa chini, mnadi anataja bei, wanunuzi wanamzunguka. Mnadi anaweza kusema lolote, lakini samaki yupo. Mnunuzi anafunua matamvua aone kama bado ni mekundu, anabonyeza mgongo kwa kidole aone kama nyama inarudi. Jicho la samaki likiwa limefifia, maneno yote ya mnadi yameanguka. Nenda stendi ya Bweri umsikilize mpiga debe akiapa kwamba gari la Mwanza linaondoka sasa hivi. Ni uongo, na wewe unajua, kwa sababu unaona abiria sita ndani na dereva anakunywa chai. Lakini anakudanganya wewe uliye mbele yake, na wewe unaweza kusonya ukapanda gari jingine. Kuna aina ya heshima katika uongo wa namna hiyo.

Hotuba yangu haikuwa na samaki. Programu yenyewe ilikuwa michoro minane ya skrini, ukibonyeza kitufe haiendi popote. Wala aliyezungumziwa hakuwepo ukumbini. Nilikuwa nawaambia majaji watano habari za mwanamke ambaye wakati huo alikuwa Nyasho sokoni, kilomita zaidi ya mia mbili kutoka pale, akipima dagaa kwa kopo. Aliyesikiliza hakuwa mtumiaji, na mtumiaji hakuwa akisikiliza. Mambo mengi mabaya ya hotuba hizi yanaanzia hapo.

Huyo mwanamke tumwite Mama Fulani, maana jina lake hubadilika kila hotuba lakini yeye habadiliki. Anakaa slaidi ya kwanza. Amevaa kitenge, picha yake imeokotwa kwenye intaneti, na ukitazama vizuri nyuma yake utaona bango la soko la Ghana. Ana watoto wanne. Sijui nani aliamua wawe wanne. Anatembea mwendo mrefu. Mimi nimekaa kwenye mashindano matatu kama mshiriki na mengine kadhaa kama mtazamaji, nikamwona akiwa mkulima wa mahindi, akiwa mjamzito, akiwa mama lishe, akiwa mfugaji wa kuku, na mara moja akiwa bibi anayehitaji bima.

Msomaji, fanya zoezi hili: chukua hotuba yoyote ya aina hii na upigie mstari vitenzi vinavyomhusu yeye. Mwanzoni utapata anakosa, anapoteza, anateseka, hajui, hana, hawezi. Kuanzia slaidi ya nne, programu ikishaingia, utapata anapata, anaokoa, anafurahia. Ndiyo basi. Hutakuta anakataa. Hutakuta anauliza, anashuku, anacheka, anabadili mawazo, anamdanganya mtu mwingine. Mwandishi wa hadithi akikuletea mhusika wa aina hiyo utamrudishia mswada. Kwenye hotuba ya kunadi wazo tunampigia makofi.

Mfano unaofundisha zaidi katika ukanda wetu ni Kune, kampuni ya chakula ya Nairobi. Mwanzilishi wake, Mfaransa Robin Reecht, mwaka 2021 alisimulia jinsi alivyofika Kenya na baada ya siku chache tu akaulizia pa kupata chakula kizuri kwa bei nafuu, akaambiwa haiwezekani. Juu ya kisa hicho ilipatikana dola milioni 1 ya kuanzia. Wakenya mtandaoni waliiangua kicheko, wakauliza kama hajaona kibanda hata kimoja, chapati na maharage vipo kila kona. Juni 2022 kampuni ilifungwa, na watu wakabaki bila kazi.

Wengi walikitumia kisa cha Kune kucheka mgeni. Mimi nakisoma kama mhakiki, na naona hotuba yake ilikuwa nzuri sana kwa vigezo vya aina yake. Ina msafiri, ina swali, ina jibu la kukatisha tamaa, ina shujaa anayeamua kulitatua. Kasoro ni kwamba msemaji alijiweka mwenyewe mahali pa Mama Fulani, na kwa kuwa alikuwa na uso na jina, tukaweza kumwuliza: uliuliza nani? Ulitafuta wapi? Laiti angesema "Mama Fulani wa Kawangware hapati chakula bora", pengine tusingeuliza kitu. Mama Fulani anatulinda na maswali.

Na tusijidanganye kwamba mzawa akisimama mwenyewe hotuba inapona. Mimi ni mzawa. Nilizaliwa Bunda, nikalelewa na mama mdogo Nyasho tangu nilipokuwa darasa la tatu, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye dagaa. Najua dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikielea ziwani kama mji wa pili, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na pesa hukauka mitaani. Najua mvua ikinyesha dagaa wakiwa wameanikwa mchangani, mzigo wa shilingi laki tatu unageuka chakula cha kuku. Nilijua yote hayo na hakuna hata moja lililoingia kwenye slaidi zangu, kwa sababu dakika tatu hazitoshi na kwa sababu mwezi hauna soko.

Kilichoingia ni daftari lake.

Wazo letu, mimi na mwenzangu niliyesoma naye chuo, lilikuwa programu ya kuandika madeni. Wauza dagaa wa Nyasho wanauza kwa mkopo: chukua leo, lipa mwisho wa mwezi. Tukasema tutawapa daftari la simu, na baada ya miezi sita rekodi za mauzo zitampa kila mama alama, na alama hizo tutazipeleka kwa wakopeshaji. Slaidi ya pili kwa kawaida huitwa Tatizo. Tulihitaji picha. Mama mdogo alipokwenda sokoni niliingia chumbani, nikalitoa daftari chini ya godoro, nikapiga picha kurasa mbili. Ni daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, kingo zimelainika kwa mafuta ya dagaa, mwandiko wa kupanda na kushuka, mistari imekatwa pale deni lilipolipwa. Kwenye projekta lilionekana duni kabisa. Tuliweka maandishi mekundu juu yake: HIVI NDIVYO BIASHARA INAVYOFANYIKA LEO. Ukumbi ulicheka, kicheko kile cha watu wenye kompyuta mpakato. Mimi nilicheka nao. Nilikuwa nimepanga wacheke hapo. Kwenye mazoezi niliacha sekunde mbili kwa ajili hiyo.

Tulishika nafasi ya pili. Tulipewa cheti, begi la mgongoni lenye nembo na miezi mitatu ya ushauri.

Mtu mmoja ukumbini alipiga picha slaidi ile akaiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp. Sina kinyongo naye, alikuwa anatusifia. Lakini majina yalisomeka. Ndani ya siku nne picha ilikuwa imerudi Nyasho. Kulikuwa na fundi cherehani wa shilingi 4,000, dereva wa bajaji wa 7,000, na mwalimu mmoja wa 18,500, jina lake kamili na mwezi ambao aliahidi kulipa ukapita. Mwalimu alikuja kibandani asubuhi, wateja wengine wakiwepo, akahesabu noti zote mezani. Akamwambia mama mdogo, kwa adabu kabisa, "Sikujua kama deni langu litafika Mwanza kabla ya mshahara wangu." Hajarudi tena kununua.

Mama mdogo hakunigombeza. Alinipigia simu, akanisimulia, akauliza kama nimekula. Ningependa angenitukana.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mwenzangu alikuwa ameiandikia slaidi nzima, ya saba, yenye picha ya kufuli. Tulikuwa na kufuli slaidi ya saba na madeni ya watu slaidi ya pili, na hatukuona kichekesho chake. Majaji nao hawakukiona. Waliuliza maswali manane, nayakumbuka yote. Hakuna aliyeuliza daftari ni la nani.

Hapa nirudi kwenye uhakiki, kwa sababu kisa changu kingebaki kosa la adabu kama kisingekuwa na ndugu zake wakubwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kila mtu aliyewahi kukopa huko, au ambaye shemeji yake aliwahi, anajua ufundi wake: unapoipakua inaomba kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, na siku ukichelewa kulipa, bosi wako, mchungaji wako na mpenzi wako wa zamani wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Watu wameyapa mambo haya jina linalowafaa, mikopo ya kausha damu. Sasa jiulize programu za namna ile zinanadiwaje. Sikuwepo ukumbini, lakini naijua lugha ya aina hiyo ya maandishi, na ningeweza kuiandika nikiwa nimelala: Mama Fulani hana dhamana, benki imemfungia mlango, tunamfungulia. Slaidi yangu ya tano ilisema hivyo hivyo. Nilisema mama mdogo "hakopesheki". Mwanamke ambaye mwenye mtumbwi humwachia magunia sita bila karatasi, ambaye kikundi chao cha wanawake kumi na tano humkopesha kwa kunyoosha mkono tu! Hakopesheki na nani?

Kuna andiko jingine la zamani la kuomba mtaji ambalo watu wa Mara tuna haki nalo kidogo. Mwalimu Nyerere, wa Butiama, mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, mwaka 1969 alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare na kuipa jina Mabepari wa Venisi. Shuleni tulifundishwa kuitazama kesi ya ratili ya nyama. Siku hizi mimi naisoma kwa ajili ya onyesho la kwanza, Bassanio anapomwendea Antonio kuomba pesa. Bassanio tayari anadaiwa na Antonio. Anachofanya ni kumsimulia kisa cha utotoni, kwamba alikuwa akipoteza mshale, anarusha wa pili upande ule ule huku akiutazama kwa makini, na mara nyingi akaipata yote miwili. Kwa hiyo nipe tena, nitarudisha la zamani na jipya. Kisha anaeleza fursa yenyewe, mwanamke tajiri aitwaye Portia, na washindani walio wengi. Vyote vipo: kisa, soko, ushindani, ombi. Hata kushindwa kwa mara ya kwanza kumegeuzwa sifa, ufundi ambao washauri wetu wanaufundisha hadi leo.

Shakespeare anafanya jambo ambalo hotuba zetu hazifanyi. Portia anaingia jukwaani. Onyesho la pili tu yupo, ana mdomo mkali, anawacheka wachumba mmoja mmoja, na baadaye ndiye anayeokoa mtaji wa wanaume wote kwa akili yake. Aliyekuwa slaidi katika onyesho la kwanza anakuwa mtu. Na mwenye kulipa gharama ya mkopo ule anaonekana pia, kisu kikiwa kifuani pake. Tamthilia inatudai tukae hadi mwisho. Hotuba ya kunadi inakatwa kengele ikilia, Portia bado ni asilimia.

Nimetaja asilimia, niseme neno moja juu ya slaidi ya soko, ingawa haistahili aya ndefu. Sensa ya 2022 ilitupata watu 61,741,120. Tukipata asilimia moja tu, husema msemaji kwa sauti ya mtu asiye na tamaa, hao ni zaidi ya laki sita. Hakuna anayeuliza kwa nini upate hiyo moja. Mama mdogo hajawahi kupata asilimia moja ya Nyasho.

Mtu ataniambia kwamba bila hotuba hizi M-Pesa isingekuwepo. Vizuri, tuitazame. Mwaka 2007 una maonyesho mawili ambayo yanafaa kuwekwa pamoja. Januari, San Francisco, Steve Jobs alisimama jukwaani na iPhone. Hiyo ndiyo hotuba inayoigwa na kila kijana mwenye kipaza sauti cha shavuni. Baadaye wahandisi wake walisimulia kwamba simu zile zilikuwa za majaribio na zilikuwa zikigoma mara kwa mara, kwa hiyo waliandaa mfuatano maalumu wa kubonyeza ambao ukiufuata zinavumilia. Machi mwaka huo huo Safaricom ikazindua M-Pesa Kenya. Lakini wazo lililokuwa limeombewa pesa, kwa Vodafone na kwa mfuko wa serikali ya Uingereza, lilikuwa dogo na tofauti: wateja wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu, walipe marejesho yao kwa simu. Majaribio yalianza 2005. Watu waliopewa simu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, kumtumia mke aliye kijijini, kumlipa mtu dukani. Waliokuwa wakisimamia jaribio wakaona, wakabadili mpango, na bidhaa ikaingia sokoni na ujumbe mmoja mwepesi, tuma pesa nyumbani. Aprili 2008 ikaja kwetu. Leo mtoto wa darasa la tano Nyasho anajua nyota 150 nyota 00 reli kabla hajajua wimbo wa pili wa kanisani.

Kwa usomaji wangu, waliofanya kazi kubwa katika kisa hicho ni Mama Fulani halisi na majirani zake, waliokataa kuitumia kama ilivyonadiwa. Sifa ya wanaume na wanawake wa Vodafone ni kwamba walikuwepo, wakawatazama. Muda wa kutazama ulikuwa zaidi ya mwaka mmoja. Hiyo haiwezekani kuwekwa kwenye dakika tatu, ndiyo maana kisa hiki kikisimuliwa kwenye mafunzo ya ujasiriamali huanzia Machi 2007.

Hata wanaofanikiwa hubadili Mama Fulani njiani. Nala, iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilianza kwa kurahisisha hizo menyu za nyota na reli, ufanye miamala bila intaneti. Baadaye ikawa njia ya kutuma pesa kutoka Uingereza na Marekani kuja Afrika Mashariki. Mhusika wa slaidi ya kwanza sasa ni mpwa aliye London. Silalamiki, biashara hufuata penye pesa, na mpwa aliye London naye ana shida zake. Nasema tu kwamba aliyesimuliwa kwanza na aliyehudumiwa mwisho ni watu wawili, na hotuba ya kwanza haikuwahi kuhitaji kumwomba radhi mtu yeyote.

Na M-Farm ya Nairobi, iliyoshinda mashindano ya saa 48 ya IPO48 mwaka 2010, ilitaka kumpa mkulima bei za masoko kwa ujumbe mfupi ili dalali asimpunje. Nilimsimulia mama mdogo kwa furaha, nikidhani atamchukia dalali pamoja nami. Aliwaza kidogo. "Dalali akiondoka," akasema, "mzigo ukinyeshewa nani ataniambia chukua, utalipa mwezi ukiisha?" Ule mwezi tena. Sikuwa na slaidi ya kumjibu.

Nisije nikaonekana nadhani umaskini wa zamani ulikuwa na maandishi bora. Vikundi vya wanawake hapa Nyasho vinaomba ile mikopo ya halmashauri, asilimia kumi ya mapato ya ndani inayogawiwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Ili kuomba unahitaji "andiko la mradi". Andiko ni bibi yake slaidi. Kikundi cha mama mdogo kilimlipa kijana wa stesheneri awaandikie. Naye alikuwa na andiko moja la kuku wa mayai, akabadilisha neno kuku kuwa dagaa. Kwenye ukurasa wa tatu akasahau. Ikasomeka kwamba mradi utanunua dagaa 500 wa siku moja na kuwapa chanjo ya kideri. Wakina mama walicheka hadi wakalia, wakaifanya msemo wao. Dagaa wakiharibika, mmoja atasema hawakuchanjwa. Kwa hiyo uongo wa karatasi upo pande zote. Lakini wao, wakiwa wamekaa kwenye mkeka, waliusoma kwa sauti, wote kumi na tano, kabla hawajatia saini. Huo ndio uhakiki. Andiko langu halikuwahi kusomwa kwa sauti mbele ya mtu liliyemhusu, isipokuwa siku ile muuza sumu alipopita, na siku ile nilipopata mhakiki nilimcheka.

Ninawaelewa vijana wenzangu. Benki inataka hati ya nyumba, wazazi wetu wana nyumba zisizo na hati, na ukumbi wenye kiyoyozi ni mmoja kati ya milango michache iliyo wazi. Nitaandika tena hotuba hizi, njaa haina kiburi. Ila nimeacha mambo mawili: picha ya mtu ambaye hajaiona slaidi yake, na nafsi ya tatu.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyasho nikajaribu. Nilimwomba mama mdogo akae kwenye kiti, nikasimama mbele yake, nikaweka saa ya dakika tatu. Sikuwa na projekta. Nilisema "wewe". Wewe unauza kwa mkopo, wewe unaandika kwenye daftari, mimi nataka kukuuzia kitu. Ni jambo gumu mno kusema "wewe hujui" kwa mtu anayekutazama. Sentensi nne nilizozoea zilinishinda kutamka, nikazirukia.

Sekunde ya arobaini alinikatiza. "Simu ikizima?"

Nikamweleza.

"Na nani mwingine ataona?"

Nikasema hakuna, isipokuwa wewe mwenyewe uruhusu. Akatingisha kichwa, akaokota ungo. Nilidhani amemaliza. Saa ilikuwa bado ina dakika moja na ushee.

"Mwalimu naye," akasema, "ulimwuliza?"

Sijamwuliza. Anakaa nyuma ya shule, na dagaa wake sasa anawanunua upande wa pili wa soko, kwa mwanamke asiyekopesha.